SOMO LA AFYA: CHANJO KWA WATOTO WENYE MATATIZO YA UKUAJI WA UBONGO

Somo hili limekusudiwa watumishi wa Serikali wanaohudumia jamii, yaani wauguzi, walimu, masheha na maofisa wa ustawi wa jamii, pamoja na wazazi na wananchi wote wa Unguja na Pemba. Shabaha yake ni kujibu swali ambalo huulizwa mara kwa mara na ambalo mara nyingi hujibiwa kimakosa: je, mtoto mwenye usonji, mtindio wa ubongo, kifafa au ulemavu wa akili apewe chanjo kama watoto wengine? Jibu kwa ufupi ni kwamba apewe, tena apewe kwa wakati wake. Sababu za jibu hilo, hadhari chache zinazohusika, na wajibu wa kila mmoja katika jambo hili, vinaelezwa hapa chini.

1. Watoto wanaozungumziwa

Matatizo ya ukuaji wa ubongo ni hali zinazoanza mapema katika maisha ya mtoto na kuathiri namna anavyojifunza, anavyosema, anavyotembea au anavyohusiana na wenziwe. Miongoni mwao ni usonji, ambapo mtoto hupata taabu ya kuwasiliana na watu na aghalabu husumbuliwa mno na kelele, mwanga au kuguswa. Kuna mtindio wa ubongo, ambapo viungo hukakamaa au hulegea kwa sababu ubongo uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Kuna pia ulemavu wa akili, ukiwemo ule unaoambatana na sindromu ya Down. Kifafa ni maradhi ya pekee, lakini huwapata wengi wa watoto hawa, na kwa hiyo kimeingizwa katika somo hili.

Hali hizi haziambukizi, wala si adhabu kwa wazazi. Hata hivyo, bado wapo watoto wanaofichwa ndani kwa kuogopa maneno ya watu. Mtoto anayefichwa hapelekwi kliniki, na asiyepelekwa kliniki hapati chanjo.

2. Chanjo anazostahiki

Utaratibu wa chanjo ni mmoja kwa watoto wote. Mtoto anapozaliwa hupewa BCG kwa ajili ya kifua kikuu, na matone ya polio. Anapofika wiki 6, wiki 10 na wiki 14 hupewa chanjo ya pentavalenti, inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na vijidudu vya Hib. Pamoja nayo hupewa matone ya polio na chanjo ya nimonia. Chanjo ya rota, inayokinga kuharisha kukali, hutolewa katika wiki 6 na wiki 10, na sindano ya polio katika wiki 14. Chanjo ya surua na rubela hutolewa katika miezi 9 na kurudiwa katika miezi 18. Chanjo za nimonia na rota ziliingizwa nchini Tanzania mwaka 2013, na rubela iliunganishwa na surua mwaka 2014. Utaratibu huu hurekebishwa kila inapoongezwa chanjo mpya, hivyo kadi ya kliniki ndiyo ya kufuatwa.

Hakuna mahali katika utaratibu huo palipoandikwa kwamba mtoto mwenye ulemavu aachwe.

3. Kwa nini mtoto huyu anaihitaji zaidi

Wengi hudhani kwamba mtoto ambaye ubongo wake una tatizo ni dhaifu mno kuweza kustahamili chanjo. Ukweli ni kinyume chake: udhaifu huo ndio unaomfanya asiweze kustahamili maradhi.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi hana nguvu za kukohoa vizuri, na wengine humeza kwa taabu hata chakula kikaingia katika njia ya hewa. Mtoto wa namna hii akipata kifaduro au nimonia huwa katika hatari kubwa kuliko mwenziwe. Mtoto mwenye sindromu ya Down naye huelekea kupata maradhi ya kifua mara kwa mara. Mwenye kifafa, homa kali huweza kumletea kifafa hata kama alikuwa ametulia kwa dawa, na surua ni miongoni mwa maradhi yanayoleta homa kali kabisa. Aidha, katika kila watoto 1,000 wanaougua surua, mmoja hivi hupata uvimbe wa ubongo, ambao huweza kuua au kuacha ulemavu mwingine juu ya ule wa awali.

Jambo jengine ni lugha. Mtoto asiyesema hawezi kueleza kwamba kichwa kinamuuma au kifua kimembana. Ugonjwa wake hutambulikana kwa kuchelewa, na pengine kilio chake hudhaniwa kuwa ni tabia yake ya kila siku. Kwa mtoto kama huyo, kuuzuia ugonjwa kabla haujafika ni salama zaidi kuliko kutegemea kuugundua.

Ieleweke pia kwamba baadhi ya chanjo huzuia ulemavu wenyewe. Mama mjamzito akiambukizwa rubela katika miezi mitatu ya mwanzo, mtoto wake huweza kuzaliwa kiziwi, mwenye mtoto wa jicho, kasoro ya moyo au ulemavu wa akili. Marekani ilipokumbwa na mripuko wa rubela katika miaka ya 1964 na 1965, walizaliwa watoto wapatao 20,000 wenye madhara hayo. Daktari Stella Chess wa New York aliwachunguza 243 kati ya watoto walioathirika, na mwaka 1971 akaeleza kwamba usonji ulionekana miongoni mwao kwa wingi mno kuliko kawaida. Hivyo chanjo ambayo baadhi ya watu huituhumu kuleta usonji ndiyo inayokinga mojawapo ya sababu zake zinazojulikana.

4. Asili ya tuhuma ya usonji na majibu yake

Tuhuma hiyo ilienea kutoka Uingereza. Mwezi wa Februari 1998, jarida la utabibu liitwalo The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenziwe kuhusu watoto 12 tu, iliyoashiria uhusiano baina ya usonji na chanjo ya pamoja ya surua, matubwitubwi na rubela. Uchunguzi uliofuata ulionesha kwamba habari za watoto hao hazikuelezwa kwa ukweli. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala hiyo, na mwaka huo huo Wakefield aliondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza.

Katika muda huo, nchi nyengine zilifanya tafiti kubwa zaidi. Denmark, ambayo huweka kumbukumbu za kila mtoto anayezaliwa, ilitoa mwaka 2002 utafiti wa watoto 537,303, na mwaka 2019 utafiti mwengine wa watoto 657,461. Mara zote mbili waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Japani iliacha kutumia chanjo hiyo ya pamoja mwaka 1993, na utafiti uliofanywa katika mji wa Yokohama na kuchapishwa mwaka 2005 ulionesha kwamba idadi ya watoto wanaotambuliwa kuwa na usonji iliendelea kupanda hata baada ya chanjo kuachwa.

Huenda ikaulizwa: kwa nini basi wazazi wengi husema mtoto alibadilika baada ya chanjo? Jibu limo katika umri. Dalili za usonji aghalabu huanza kuonekana wazi mtoto akiwa baina ya mwaka mmoja na miaka miwili, na katika kipindi hicho hicho ndipo hupewa chanjo ya miezi 18. Mambo mawili hukutana kwa wakati bila ya moja kuwa chanzo cha jengine. Karafuu za vuli huchumwa wakati mvua za vuli zinapoanza, lakini hakuna mchumaji asemaye kwamba kuchuma ndiko kunakoleta mvua.

Madhara ya hofu hiyo yanajulikana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulionesha kwamba watoto wenye usonji walikuwa wamekosa chanjo kuliko wenzao, na wadogo zao waliozaliwa baadaye walikuwa vivyo hivyo. Yaani hofu ya mtoto mmoja iliwaacha wawili bila kinga.

5. Degedege, kifafa na sindano

Katika pwani ya Tanzania watafiti wameandika kuhusu imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufariki. Imani hii imechelewesha matibabu ya watoto wengi, na huweza pia kumzuia mzazi asimpeleke kwenye chanjo mtoto ambaye aliwahi kushikwa na degedege hapo nyuma. Hivyo inastahiki kujibiwa kwa hoja, si kwa kejeli.

Ni kweli kwamba chanjo huweza kuleta homa. Ya pentavalenti huja katika siku moja au mbili za mwanzo, na ya surua aghalabu huja baada ya wiki moja hivi. Ni kweli pia kwamba homa, iwe ya chanjo au ya ugonjwa, huweza kumletea degedege mtoto mwenye mwelekeo huo. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2004 ulipima jambo hili kwa chanjo yenye surua. Katika wiki mbili baada ya chanjo, degedege la homa liliongezeka kwa watoto wapatao 2 au pungufu katika kila 1,000. Kwa watoto ambao waliwahi kushikwa na degedege la homa kabla ya hapo, ongezeko lilikuwa karibu watoto 19 katika kila 1,000. Lakini watoto waliofuatiliwa baadaye hawakuonekana kupata kifafa zaidi kwa sababu ya degedege hilo. Kwa hiyo mzazi wa mtoto mwenye historia ya degedege aelezwe ukweli huu mapema, aoneshwe namna ya kumhudumia mtoto, na asiambiwe kwamba hakuna lolote litakalotokea.

Wapo pia watoto ambao kifafa kizito huanza katika mwaka wa kwanza, siku chache baada ya chanjo, kisha ukuaji wao ukarudi nyuma. Kwa miaka mingi chanjo ya kifaduro ililaumiwa. Mwaka 2006, watafiti wakiongozwa na Samuel Berkovic wa Australia waliwapima wagonjwa 14 waliosemekana kuharibiwa ubongo na chanjo hiyo. Kati yao 11 walikutwa na kasoro ya kimaumbile katika jeni iitwayo SCN1A. Maradhi yalikuwamo tangu kuumbwa kwao. Homa ya chanjo ilikuwa sababu ya kuonekana mapema tu, na homa yoyote nyengine ingeweza kuyadhihirisha.

Uingereza ililipa gharama ya hofu hiyo. Katika miaka ya 1970 wazazi wengi waliikataa chanjo ya kifaduro, na mripuko wa miaka ya 1977 hadi 1979 ukaleta wagonjwa zaidi ya 100,000.

Mtoto akishikwa na degedege nyumbani, alazwe ubavu mahali palipo salama, asitiwe kitu chochote mdomoni na asibanwe viungo. Likizidi dakika 5, au likirudi mara ya pili, apelekwe hospitali mara moja. Mwenye kifafa aendelee kutumia dawa zake siku ya chanjo bila kuruka hata dozi moja.

6. Nani asubiri na nani aachwe

Sababu za kweli za kuzuia chanjo ni chache, na karibu zote hazihusiani na ulemavu:

(a) Mtoto aliyepata mzio mkali wa kuhatarisha maisha baada ya dozi iliyotangulia asipewe tena chanjo ile.

(b) Mtoto mwenye ugonjwa mkali au homa kubwa siku hiyo asubiri hadi apate nafuu. Mafua madogo si sababu ya kumrudisha nyumbani.

(c) Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa kinga ya mwili, au anayetumia dawa kali zinazopunguza kinga hiyo, asipewe chanjo zenye vijidudu hai, kama surua na BCG, mpaka daktari aamue. Hapa wamo watoto wachache wenye kifafa cha utotoni wanaotibiwa kwa dozi kubwa za steroidi.

(d) Mtoto ambaye maradhi ya ubongo yanaendelea kuzidi, au kifafa chake bado hakijadhibitiwa wala chanzo chake hakijajulikana, apelekwe kwa daktari kabla ya kupewa chanjo yenye kifaduro. Huku ni kuahirisha hadi hali itulie, si kufuta.

(e) Mtoto aliyepoteza fahamu kwa muda mrefu au kupata madhara makubwa ya ubongo ndani ya siku 7 baada ya chanjo yenye kifaduro, bila ya kujulikana sababu nyengine, asirudiwe chanjo hiyo kabla ya uamuzi wa daktari.

Usonji, mtindio wa ubongo, sindromu ya Down, kuchelewa kusema au kutembea, na kifafa kilichotulia kwa dawa, havimo katika orodha hiyo. Muuguzi mwenye shaka asimwambie mzazi arudi nyumbani bila ya kumpa tarehe wala barua. Amwandikie rufaa ya kwenda kwa daktari, kwani mzazi aliyerudishwa mara moja huenda asirudi tena.

7. Siku ya chanjo

Mara nyingi kinachomkosesha mtoto chanjo si uamuzi wa mtu yeyote, bali ni ugumu wa safari na wa foleni. Hatua zifuatazo hazihitaji fedha:

(a) Mzazi amweleze muuguzi mapema hali ya mtoto wake, na ikiwezekana achague siku au saa ambayo kliniki haina watu wengi.

(b) Mtoto asiyeweza kustahamili kelele na msongamano apewe nafasi ya mwanzo, au asubiri nje kivulini mpaka aitwe.

(c) Mtoto apakatwe na mtu anayemzoea na apewe kitu anachokipenda. Watu wengi wasimvamie kumshika kwa nguvu, kwani hofu ya siku hiyo ataibeba hadi kliniki ijayo.

(d) Mwenye misuli iliyokakamaa awekwe mkao utakaolegeza mguu kabla ya sindano. Mwenye taabu ya kumeza ainuliwe kichwa, na matone yatiwe kidogo kidogo.

(e) Chanjo zote zinazostahiki siku hiyo zitolewe pamoja. Kuzigawa kunaongeza safari na hofu, wala hakuongezi usalama.

Wazazi wanaombwa pia kuacha desturi ya kuwatisha watoto kwa sindano kila wanapofanya utundu. Mtoto mwenye usonji huyachukua maneno kama yalivyo, na tishio la mzaha kwake huwa ni ahadi.

8. Mtoto aliyekosa dozi

Mtoto aliyechelewa haanzi upya. Dozi alizopata zinahesabiwa, na huendelea pale alipoishia, kwa kuacha angalau wiki 4 baina ya dozi na dozi za pentavalenti. Aliyekosa surua katika miezi 9 apewe mara tu atakapofika kituoni. Mzazi aliyepoteza kadi asione haya kwenda, kwani daftari la kituo huweza kutazamwa na kadi nyengine kuandikwa.

Wasichana wanahitaji kukumbukwa zaidi. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya shingo ya kizazi na iliyoanza kutolewa nchini Tanzania mwaka 2018, huwafikia wengi wao wakiwa skuli. Msichana mwenye ulemavu ambaye hajaandikishwa skuli huenda asifikiwe kamwe, isipokuwa pawe na mtu wa kulitaja jina lake.

9. Wajibu wa watumishi na wananchi

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 25 kinataka watu hao wapate huduma za afya sawa na wengine. Zanzibar nayo ilitunga Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya mwaka 2011. Haki iliyoandikwa, hata hivyo, humfikia mtoto kwa mikono ya watu:

Sheha awajue watoto wenye ulemavu waliomo katika shehia yake na awape wahudumu wa afya habari za wasiokwenda kliniki, kwa faragha na kwa heshima ya familia. Mwalimu wa skuli na wa madrasa aulize kadi ya chanjo anapompokea mtoto, na kadi pungufu iwe sababu ya kumwelekeza mzazi kituoni, si ya kumkatalia mtoto nafasi. Mkuu wa ofisi ampe ruhusa mtumishi mwenye mtoto wa namna hii kwenda kliniki, kwani safari moja huweza kumchukulia asubuhi nzima. Wanaopanga huduma za mkoba katika visiwa vidogo kama Tumbatu, Uzi, Kojani na Fundo waulize, kabla ya kufunga daftari, kama yupo mtoto ambaye hakuweza kuletwa, na wamfuate alipo.

Majirani nao wana sehemu yao. Surua huenea kwa hewa, na ili isipate njia panahitajika watoto wapatao 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Yule mmoja ambaye daktari amemzuilia chanjo kwa sababu ya kweli hana ngao nyengine isipokuwa wenziwe waliochanjwa.

10. Maswali ya kujadiliwa katika mikutano ya shehia na ya watumishi

(a) Taja hali tatu zinazodhaniwa kuwa ni sababu ya kumnyima mtoto chanjo na ambazo si sababu.

(b) Mzazi anasema mwanawe alipata degedege baada ya chanjo ya miezi 9. Ataelezwa nini kabla ya chanjo ya miezi 18, na atatayarishwa vipi?

(c) Kuna tofauti gani baina ya kuahirisha chanjo na kuiacha? Nani mwenye uwezo wa kuamua?

(d) Katika shehia hii, ni watoto wangapi wenye ulemavu ambao kadi zao hazijakamilika, na nani atakwenda kuzungumza na wazazi wao kabla ya siku ya kliniki ijayo?

Wananchi wanakumbushwa kwamba chanjo hizi hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya Serikali. Mwenye swali lolote kuhusu mtoto wake alipeleke kwa muuguzi au daktari wa kituo kilicho karibu naye, na achukue kadi ya mtoto pamoja na dawa zote anazotumia.